Inchi 20,001 za mvua

Jumamosi moja, kwenye kibaraza tunachosomea wikendi kule Nyegezi, Mwanza, kijana wa mwaka wa kwanza aliniletea daftari lake akiwa na furaha. Programu yake ya kompyuta ilikuwa imekubali. Haikutoa kosa hata moja, na jibu alikuwa amelipigia mstari mara mbili: wastani wa mvua kwa siku ni inchi 20,001.

Nilimuuliza inchi moja ni kiasi gani. Akakadiria kwa upana wa kidole gumba, na hakuwa mbali. Basi tukakaa tukahesabu. Inchi moja ni sentimita 2.54, kwa hiyo inchi 20,001 ni zaidi ya mita 508. Ziwa hili tunaloliita letu, pale penye kina kirefu kuliko kote, lina kama mita 80. Programu yake ilikuwa inasema kwamba kila siku mvua inashuka kwa kimo cha Ziwa Victoria mara sita, lililopangwa juu kwa juu. Kijana alinyamaza, akachukua kifutio.

Huyu si mzembe, na swali lenyewe lina historia. Katika miaka ya 1980 Elliot Soloway, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, alilitumia na wenzake kuwapima watu wanaoanza kuandika programu: soma namba moja baada ya nyingine mpaka mtu aandike 99999, kisha toa wastani. Walimu wa kompyuta wamelizoea kwa jina la swali la mvua. Ukilisoma unaona ni jepesi, lakini limeangusha wanafunzi kizazi hadi kizazi, kwa sababu limeficha mitego. Ile 99999 ni alama ya kufunga tu, haijumlishwi wala haihesabiwi. Mtu akifunga kabla ya kuandika namba yoyote, programu itagawa kwa sifuri. Na katika toleo la mvua, namba hasi inabidi irukwe, maana hakuna mvua iliyo chini ya sifuri. Kijana wangu aliingiza 2, 0, 1 na 3, akafunga kwa 99999, kisha akajumlisha zote tano na kugawa kwa 5. Jibu sahihi ni 1.5.

Kilichoniuma ni ile karatasi ya mazoezi aliyopewa. Ilikuwa kopi ya kopi, herufi zimefifia, na mvua yake ilikuwa ya mji wa mbali, kwa kipimo ambacho hapa hakuna anayekitumia kupimia mvua. Namba zile kwake hazikuwa mvua hata kidogo. Zilikuwa namba za swali la tatu. Mtu yule yule aliyekulia hapa, anayejua masika inavyoshuka kwenye miamba na maji yanavyotiririka kutoka mlimani kwenda mjini, alikuwa ameiacha akili yote hiyo mlangoni, kwa sababu karatasi haikuihitaji.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikishikilia hoja moja kila ninapokutana na walimu wenzangu wa programu na takwimu za awali. Swali la mazoezi lina thamani pale ambapo mwanafunzi anaweza kuliona kosa lake mwenyewe, kabla ya kalamu nyekundu. Hilo ndilo la kwanza kuulizwa kuhusu swali lolote tunalotunga. Mada ni ngapi, ugumu ni kiasi gani, mtihani wa mwaka jana ulitoa nini, yote hayo yafuate nyuma.

Kompyuta hulalamikia kilichokosekana kwenye maandishi. Ukisahau nukta mbili mwishoni mwa mstari unaoanzisha kitanzi, yaani sehemu ya programu inayojirudia, lugha ya programu ya Python inasimama na kukuonyesha mstari wenyewe. Lakini ukigawa kwa 5 pale palipotakiwa 4, inakupa jibu kwa utulivu ule ule. Takwimu ni mbaya zaidi, maana haina hata hiyo nukta mbili ya kukusimamisha. Kila fomula inakubali kila namba. Anayeweza kukataa ni mtu, na mtu hukataa kile tu anachokijua.

Wapo wanaosema wamelifanyia kazi jambo hili, na ukiangalia unakuta wamebadilisha majina: John amekuwa Juma, tufaha zimekuwa maembe. Hilo halisaidii. Juma mwenye maembe 4,700 kwenye kikapu anapita salama kama John alivyopita, kwa sababu mtungaji mwenyewe hakuyafikiria maembe hayo.

Swali ninalolipenda kuliko yote halina ziwa wala samaki. Linahusu saa. Sisi tunasema saa mbili asubuhi, simu inaandika 08:00. Ninawaambia wanafunzi: andikeni programu inayopokea saa kama tunavyoisema, pamoja na neno lake la asubuhi, mchana, jioni, usiku au alfajiri, irudishe saa ya simu. Wote huanza kwa kuongeza 6. Saa 2 asubuhi inatoka 8, sawa. Saa 8 mchana inatoka 14, sawa. Wanajaribu namba mbili tatu, wanaridhika, wanakunja mikono. Hapo namwomba mmoja aweke saa 12 asubuhi. Inatoka 18. Hakuna haja ya mwalimu kusema neno. Kila aliyeamka saa 12 asubuhi hiyo kuwahi daladala anajua kwamba hakuamka jua likizama.

Ndipo tunapoitambulisha ile alama ya asilimia, ambayo katika Python hutoa baki ya kugawanya. Baki ya 12 ukigawa kwa 12 ni sifuri, sifuri ukijumlisha na 6 ni 6. Imepona. Tunahamia usiku, tunaongeza 18 badala ya 6, na saa 8 usiku inatoka 26. Simu gani ina saa 26? Tunachukua baki tena, safari hii ya 24, inakuwa 2. Saa 6 usiku inakuwa 0, na wanaojua simu zao wanakubali kwamba ndiyo, huandikwa 00:00.

Halafu linakuja neno jioni, ambalo huchukua muda mrefu kuliko mengine yote, na mimi huwaacha wahangaike nalo. Saa 11 jioni ni 17:00, ipo kwenye kundi la kuongeza 6. Saa 1 jioni ni 19:00, ipo kwenye kundi la kuongeza 18. Neno ni moja, kanuni ni mbili, na saa 12 jioni imekaa mpakani. Nimeona wanafunzi wakibishana karibu saa nzima, na ubishi wao ni wa kitaaluma kabisa: sharti liandikwe kwa neno au kwa namba, lipi litangulie, na mtu akiandika saa 3 jioni programu imjibu nini. Hayo ndiyo masharti na matawi yanayofundishwa wiki ya tatu ya muhula, ila hapa hakuna aliyekariri. Wanaijua lugha yao, nayo inawasahihisha.

Swali hilo hilo linatuvusha kwenda kwenye takwimu. Mtumbwi mmoja umeingia ziwani saa 5 usiku, mwingine saa 7 usiku. Wastani wa muda wao ni upi? Anayetumia saa ya simu anachukua 23 na 1, anajumlisha, anagawa kwa 2, anapata 12. Saa 12 ya simu ni adhuhuri. Anayetumia saa yetu anachukua 5 na 7, anapata 6, na saa 6 usiku ndilo jibu. Saa ya simu inakatika katikati ya usiku, ile tunayoisema inakatika jua likichwa na likichomoza, kwa hiyo kwa kazi ya usiku ndiyo inayofaa zaidi kutolea wastani. Nilipoligundua hili nikiandaa somo nilifurahi kama mtoto, na bado nafurahi kila mara ninapoona sura ya mwanafunzi anapolifikia peke yake.

Mitumbwi hiyo ya usiku ndiyo ya dagaa. Dagaa wa ziwa hili huvuliwa kwa taa, zamani karabai na sasa nyingi za sola. Taa inawavuta pale tu usiku unapokuwa na giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu, na wengi hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Yeyote aliyekulia Igombe au anayeshinda mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, anajua hivyo. Sasa tazama zoezi hili, namba zake nimezitunga mwenyewe. Ni madebe ya mtumbwi mmoja kwa usiku 14, saba za giza na saba za mbalamwezi: 38, 42, 35, 40, 44, 37, 41, kisha 0, 0, 3, 0, 2, 0, 0.

Jumla ni 282. Wastani ni madebe 20.1. Ukizipanga kuanzia ndogo hadi kubwa, mbili za katikati ni 3 na 35, kwa hiyo namba ya katikati ni 19. Inayojirudia zaidi ni 0. Mwanafunzi aliyefunzwa vizuri ataandika kwamba wastani na namba ya katikati zimekaribiana, hivyo data haikuegemea upande wowote na wastani unafaa kutumika. Mtihani utampa alama zote. Lakini mama anayenunua dagaa pale mwaloni akisikia kwamba mtumbwi huleta madebe 20 kwa usiku, atauliza ni usiku upi huo, maana hakuna. Kuna usiku wa madebe 40 na kuna usiku wa kulala.

Simaanishi kwamba wastani ambao haumo kwenye data ni uongo. Sensa ya 2022 ilipata wastani wa watu 4.3 kwa kaya nchini, na hakuna kaya yenye watu 4.3. Namba hiyo ina kazi yake: izidishe kwa idadi ya kaya, utapata watu. Hata hiyo 20.1, tajiri wa mtumbwi anayepanga mapato ya wiki mbili anaihitaji, kwa sababu mara 14 inamrudishia 282 zake. Mnunuzi wa usiku mmoja haimfai. Kwa hiyo zoezi langu haliulizi tu wastani ni upi. Linauliza nani anauliza. Katika vitabu vingi vya mazoezi nilivyopitia, swali hilo la pili halimo kabisa.

Halafu kuna zile sifuri. Daftari halisi la mtumbwi haliandiki 0. Linaandika kistari, au "hatukwenda", au linaacha wazi. Mwanafunzi akijaribu kukigeuza kistari kiwe namba, Python inakataa. Wengi hukiondoa haraka au wanaweka 0 ili kazi iendelee, na hapo wamefanya uamuzi wa kitakwimu bila kujua kwamba wameufanya. Ikiwa zile sifuri tano ni siku ambazo mtumbwi haukuingia ziwani, basi usiku wa kazi ni 9, na 282 gawa kwa 9 ni madebe 31.3. Ikiwa walikwenda wakakosa, tunarudi 20.1. Tofauti ni zaidi ya nusu ya jibu, na hakuna fomula itakayoiamua. Inabidi umuulize mzee mwenye daftari.

Kosa jingine hujitokeza hapo hapo, na ni zuri mno kulifundishia. Namba unayoiandika kwenye kibodi Python huipokea kama maandishi. Ukisahau kuigeuza, 38 ukijumlisha na 42 inakuwa 3842. Kwenye swali la namba tupu, mwanafunzi ananakili 3842 na kuendelea. Kwenye swali la madebe anasimama, kwa sababu hakuna mtumbwi wa taa unaobeba madebe elfu tatu kwa usiku mbili.

Naomba nisieleweke kwamba mazingira pekee yanatosha. Yule kijana wa inchi 20,001 alikuwa na bahati ya kukosea sana. Angeliacha 99999 nje ya jumla lakini akaihesabu, angepata 6 gawa kwa 5, yaani 1.2, na hakuna mkazi wa Mwanza wala wa popote angeshtuka kwa 1.2. Makosa ya namna hii, ya kuzidi kwa moja au kupungua kwa moja, ni mengi sana kwa wanaoanza. Ukiandika katika Python kitanzi cha kuanzia 1 hadi 10, kinaishia 9. Dawa yake ninayoijua ni ya kizamani: kabla hujabonyeza chochote, chukua namba nne ndogo, fanya kwa mkono, andika jibu unalolitarajia kwa peni pembeni ya ukurasa. Kisha endesha programu. Vikitofautiana, moja kati ya mkono na mashine imekosea, na kulitafuta kosa ndiko kusoma kwenyewe. Nimeona wanafunzi wakilikwepa sharti hili kuliko jingine lolote, kwa kuwa linaonekana kupoteza muda. Mimi silegezi.

Kuchora nako kumeachwa. Mwaka 1973 Francis Anscombe, mtakwimu Mwingereza, alichapisha makundi manne ya namba ambayo wastani wake, mtawanyiko wake na hata uhusiano wake vinalingana karibu kabisa. Yachore, na utaona kundi la kwanza ni nukta zilizotawanyika kuzunguka mstari, la pili ni upinde, la tatu ni mstari ulionyooka wenye nukta moja iliyotoroka, la nne ni nukta zilizosimama wima na moja iko mbali peke yake. Madebe yetu 14 nayo ukiyaweka kwenye karatasi ya grafu unayaona makundi mawili kwa mara moja, kabla ya hesabu yoyote.

Lipo jambo la usahihishaji ambalo limeniudhi kwa miaka, nami nalisema wazi. Wanafunzi wawili walipewa dakika walizosubiri daladala Buzuruga kwa siku nane: 2, 4, 4, 4, 5, 5, 7, 9. Wakaambiwa watafute mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani. Mmoja alitumia NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, akapata 2. Mwingine alitumia R, lugha ya programu ya takwimu, akapata 2.14. Msahihishaji alikuwa na jibu moja kwenye karatasi yake, wa pili akapewa sifuri. Wote wawili walikuwa sahihi kwa swali tofauti. NumPy isipoelekezwa vinginevyo hugawa kwa idadi yote, yaani 8. R hugawa kwa idadi pungufu moja, yaani 7. Ya kwanza inafaa ikiwa siku hizo nane ndizo zote unazozitaka. Ya pili inafaa ikiwa siku nane ni sampuli ya kukadiria kusubiri kwa mwaka mzima.

Sababu ya hiyo pungufu moja huelezwa darasani kama siri ya wakubwa, na wanafunzi wanaikariri. Inaelezeka kwa vidole. Wastani wa dakika zile ni 5. Toa 5 kwa kila moja: unapata hasi 3, hasi 1 mara tatu, sifuri mbili, 2 na 4. Zijumlishe, unapata sifuri, na itakuwa sifuri daima. Sasa nifichie yoyote moja kati ya hizo nane, nami nitakutajia bila kuiona. Kwa hiyo zenye uhuru ni saba tu. Ya nane imefungwa na wastani tulioutoa kwenye namba hizo hizo. Zoezi la kufichiana tofauti moja huchukua dakika kumi, wawili wawili, na baada yake hakuna anayeuliza ile 7 imetoka wapi.

Walimu wengi huniambia kwamba haya yote yanataka kompyuta, na kompyuta hakuna. Ni kweli hazitoshi. Nimefundisha watu kumi na wawili kwenye mashine mbili, na umeme ukikatika tunabaki na sifuri. Lakini sehemu kubwa ya mazoezi ya mwanzo haihitaji mashine. Mwaka 2006 Dale Parsons na Patricia Haden wa New Zealand walieleza aina ya zoezi ambalo mwanafunzi anapewa mistari ya programu iliyochanganywa, kazi yake ni kuipanga. Hapa tunaichapa kwenye steshenari, tunaikata kwa mkasi, tunaitia kwenye bahasha. Kila kundi bahasha moja. Ndani yake naongeza mstari mmoja au miwili isiyohitajika, kwa mfano ule unaojumlisha 99999 kabla ya kuuliza kama ni 99999. Mabishano juu ya mstari uende juu au chini ya mwenzake yananionyesha uelewa wa mtu kuliko programu nzima aliyoiandika usiku.

Maana programu nzima ya usiku, siku hizi, hujui ni ya nani. Desa lilikuwepo tangu zamani: mmoja anafanya, kumi wananakili, jina linabadilishwa juu. Sasa ChatGPT inaandika kitanzi cha wastani kwa sekunde chache, na ukiwa na bando umemaliza zoezi. Siwalaumu wanafunzi kama wengine wanavyowalaumu. Mtu anayeogopa sapu, yaani kurudia mtihani, anayejua kwamba akidisko, yaani akiondolewa chuoni kwa kufeli, nyumbani kuna wadogo zake wanaomsubiri, atachukua msaada popote ulipo. Ninachosema ni kwamba swali linalojibika hivyo lilikuwa bovu hata kabla ya hiyo ChatGPT. Mpe mwanafunzi kazi ya kukusanya namba thelathini za mtaani kwake, za bei ya sato, za muda wa kusubiri maji, za abiria kwenye daladala. Mashine itamwandikia kitanzi, lakini haijui kile kistari kwenye daftari ni "hatukwenda" au "tulikosa". Atalazimika kwenda kuuliza, na akishauliza, amekwisha kuwa mtakwimu kidogo.

Zoezi la mwisho nalitoa kwa uangalifu, na huwa nawaonya wanafunzi mapema kwamba si la kuchezea. Watu wa mkoa huu hawahitaji kukumbushwa tarehe 21 Mei 1996, siku MV Bukoba ilipozama ikija Mwanza, wala tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara na watu zaidi ya 200 wakafariki. MV Nyerere ilikuwa imeruhusiwa abiria 101. Zoezi langu linachukua uwezo huo wa 101 na kukitungia kivuko kisicho na jina safari saba: abiria 60, 72, 55, 80, 68, 64 na 210. Jumla ni 609. Wastani ni 87 kamili.

Themanini na saba ni chini ya 101. Ripoti ya wiki inaweza kuandika kwamba kivuko kilisafirisha kwa wastani abiria walio ndani ya uwezo wake, na kila tarakimu itakuwa sahihi. Hapo darasa hunyamaza. Kisha naomba programu itakayozuia safari ya saba, na hapo ndipo programu na takwimu zinapokuwa somo moja. Wapo wanaoweka sharti nje ya kitanzi, baada ya kutoa wastani: programu haitoi onyo lolote. Wapo wanaoliweka ndani ya kitanzi, wakikagua kila safari: programu inatoa onyo, lakini baada ya abiria 210 kuhesabiwa, na kivuko kimeshang'oa. Wachache hulisogeza ndani zaidi, kwenye kuhesabu abiria mmoja mmoja, kabla ya kumwongeza anayefuata.

Lugha nayo inatusaidia hapa. Sekondari na vyuoni maswali huja kwa Kiingereza, na mpaka wa namba hufichwa kwenye vijineno ambavyo mwanafunzi huvipita mbio. Nikilitoa kwa Kiswahili, "wasiozidi 101" inamruhusu wa 101 apande. "Wasiofika 101" inamwacha gatini. Tofauti hiyo ni alama moja tu kwenye programu, mdogo-kuliko ikiwa na usawa au bila usawa, na kwa Kiswahili imebebwa na kitenzi chenyewe. Sijawahi kumwona mwanafunzi akikosea kati ya kuzidi na kufika akiambiwa kwa sauti.

Kijana wa inchi 20,001 alilifanya zoezi hili miezi kadhaa baadaye. Kabla ya kuendesha chochote aliandika pembeni ya ukurasa, kwa peni, majibu aliyoyatarajia: akiweka abiria 0, wa 101, wa 102. Yote yalitoka kama alivyoandika. Sharti lake lilikuwa kabla ya kuongeza. Nilidhani amemaliza, nikanyoosha mkono kuchukua daftari, akalizuia.

"Mwalimu," akaniuliza, "mtoto mchanga anayebebwa mgongoni anahesabiwa?"

Sikuwa na jibu. Jumatatu yake tulikwenda wote wawili kivuko cha Kamanga, kumuuliza mkata tiketi.